Kiti Tulichokipandisha Mara Nne

Ukiumwa mgongo zaidi ya wiki tatu, nenda hospitali ukapigwe picha ya mifupa. Nimelitanguliza neno hili kwa sababu najua wengi hawatasoma hadi mwisho, na hao ndio ninaowaandikia zaidi. Mimi sikwenda. Mimi nilipandisha kiti cha baisikeli yangu mara nne kwa muda wa miezi minane, na kila mara nilijidanganya kwamba nimepata nafuu, mpaka siku miguu yangu ilipokataa kunivusha kijito ambacho maji yake hayafiki hata magotini. Aliye na subira akae nimweleze.

Mtaani kwetu Kalemie naitwa Papa Riziki, kwa jina la binti yangu wa kwanza. Nilikuwa mtu wa reli, na kazi yangu kubwa ilikuwa kungoja treni. Treni itokayo Kabalo hufika siku inayopenda yenyewe. Kati ya treni moja na nyingine nilibaki na siku nyingi, na siku hizo nilizitumia kwa jambo ambalo majirani hawakulielewa hata kidogo: nilitafuta njia. Sisemi barabara. Barabara ni chache na kila mtu anazijua. Nasema vile vijia vya wachoma makaa, vya wakulima wa mihogo, vya akina mama wanaoteka maji, vinavyopanda milima nyuma ya mji, vikashuka hadi mto Lukuga, vikapotea, kisha vikakutoa kwenye kijiji usichokijua jina. Miaka ya vita hakuna aliyethubutu kuvifuata. Vilipofunguka nilijiambia kwamba sitakufa kabla sijavimaliza vyote.

Mwenzangu alikuwa Papa Ombeni, fundi wa kinga. Kinga ndivyo tunavyoiita baisikeli kwetu. Ni mtu mfupi, mbishi, asiyekubali kushuka kwenye kinga hata kwenye mlima unaomshinda mbuzi. Jumapili, baada ya misa ya kwanza, tulipanda kinga mpaka pale njia inapobana, tukaziacha kwa mwenye nyumba ya mwisho, tukaendelea kwa miguu. Njia tulizipa majina yetu wenyewe. Kulikuwa na Pumzi Tatu, ambayo hufiki juu bila kusimama mara tatu. Kulikuwa na Mama Hajibu, ambako mama mmoja wa shamba la mihogo hakutuitikia salamu kwa miaka miwili mizima. Tulifuata reli hadi Makala. Tulikwenda Kabimba kando ya ziwa, tukarudi weupe kwa vumbi la chokaa. Zongwe tulifika mara moja tu, na tulirudi kwa mtumbwi wa mashine kwa sababu mnyororo wa fundi mwenyewe ulikatika, jambo ambalo sikumwacha alisahau.

Shida yetu ilikuwa kwamba kwetu mtu hatembei bure. Ukionekana kilimani huna mzigo wala shamba, una jambo unaloficha. Siku moja askari alitusimamisha kwenye kizuizi.

"Munaenda wapi?"

"Tunatembea tu, shefu."

"Munatembea kufanya nini?"

"Kuona njia."

"Njia ya nini? Munatafuta mawe?"

Alidhani tunatafuta madini, na kila kijiji kilidhani hivyo hivyo. Papa Ombeni ndiye aliyepata dawa yake, nayo ilikuwa kuku. Alinunua tetea mmoja mwekundu, akawa anamfunga kwenye keria kila Jumapili. Tukiulizwa, tunapeleka kuku kwa shemeji. Wote waliridhika. Kuku yule alipanda milima mingi kuliko padri yeyote wa jimbo letu, na hakuwahi kufika kwa shemeji.

Maumivu yalianza mwanzoni mwa mvua, mwezi wa kumi na moja, katikati ya mgongo, pale ambapo mkono hauwezi kufika vizuri. Sikuwaza hospitali. Niliwaza kinga, kwa hiyo nilikwenda kwa fundi wa kinga.

"Mugongo inaniuma hapa," nikamwambia Papa Ombeni.

"Wakati gani?"

"Nikipanda. Na nikishuka pia."

Akazunguka kinga yangu mara mbili akiitazama. "Ni kiti. Iko chini sana. Unajikunja sawa mwizi."

Akakipandisha kwa vidole viwili. Nilipanda Pumzi Tatu Jumapili iliyofuata, na ninaapa kwamba nilijisikia mzima. Kufikia katikati ya wiki maumivu yalikuwa yamerudi. Mwezi wa kwanza tukakipandisha tena. Mwezi wa pili tukainua usukani. Mwezi wa tatu Papa Ombeni alitoa springi kwenye kiti cha gari bovu akazifunga chini ya kiti changu, nikawa naruka kwenye mashimo mpaka watoto wananicheka. Mwezi huo huo tukakipandisha mara ya tatu. Kila maumivu yalipohama, tulihamisha kitu kwenye kinga. Sijui kama kuna watu wengine duniani wangefanya ujinga huo, lakini sisi wawili tuliijua ile kinga kuliko tulivyojua miili yetu, na mtu huanza kutengeneza kile anachokijua.

Wakati huo nilikuwa nakonda. Suruali nilizifunga kwa kamba. Nilitokwa jasho nikiwa nimekaa tu, nikasema ni malaria, nikameza vidonge vya malaria. Mke wangu, Mama Riziki, alinipigia kelele mpaka akachoka.

Kuna neno moja ambalo lazima nilikiri hapa, kwa sababu mengi yaliyofuata yalitoka kwenye neno hilo. Mwezi wa tano, nilipokwenda kukipandisha mara ya nne, Papa Ombeni aliweka spana chini.

"Papa Riziki, mimi niko fundi ya kinga. Hii si mambo ya kinga tena. Enda ku hospitali."

"Pandisha kiti," nikamjibu.

"Nimesema enda ku hospitali."

"Na mimi nimesema pandisha kiti. Ukikataa, nitaenda kwa fundi mwingine."

Akapandisha. Baada ya hapo vidole vyangu vya miguu viligusa pedeli kwa shida. Sikuwa mjinga kiasi cha kutojua kwamba amesema kweli. Niliogopa. Nilijua daktari atasema niache kinga na milima, na sikuona nitaishije Jumapili moja nikiwa nimekaa nyumbani. Kati ya mgongo na njia, nilichagua njia.

Mwezi wa saba, kiangazi, tulikuwa tunavuka kijito. Kuku tulikuwa tumemfungua tukaja naye, kwa sababu mwenye nyumba ya mwisho alikuwa na mbwa. Niliuambia mguu wa kushoto upande jiwe, nao haukupanda. Niliuambia tena. Nikaketi majini, nikacheka, Papa Ombeni naye akacheka, kisha akaniona usoni, akaingia majini. Alinibeba mgongoni hadi kwenye ile nyumba, akaniketisha kwenye keria yake, akanisukuma hadi mjini huku mimi nimempakata kuku. Kuku yule aliliwa na familia yangu wiki niliyolazwa, na hakuna aliyeniuliza.

Sasa niwaambie kuhusu benchi. Mbele ya chumba cha radio, yaani ile picha ya mifupa, kulikuwa na benchi la mbao, na mashine ilikuwa inangoja umeme. Tulikaa siku tatu. Mimi nililazwa sakafuni kando ya benchi kwa sababu sikuweza kukaa. Kazi ya kungoja nilikuwa nayo maisha yangu yote, nikadhani nitaifanya vizuri. Nilikuwa najidanganya. Kituoni nilingoja nikijua kwamba treni ikichelewa ni shauri lake. Pale nilikuwa nikihisi ganzi inapanda, asubuhi iko kwenye kifundo, jioni iko kwenye goti, na kila baada ya muda mhudumu anatoka kutuambia, "Umeme haiko." Mama mmoja aliyekuja na mkono uliovunjika alivua kitenge chake cha juu, akakikunja, akakisukuma chini ya mgongo wangu bila kuniuliza. Sikujua jina lake. Alipoitwa aliniachia kile kitenge.

Daktari alishika picha kwenye dirisha. Hata mimi niliona. Mifupa miwili ilikuwa imeliwa, na ule wa juu umeinamia mbele. Kifua kikuu cha mgongo, akasema. Nikamwambia sijakohoa hata siku moja. Akasema kikiwa mfupani hakiulizi kikohozi.

"Dawa itaua mududu," akaniambia. "Juu ya ile sina wasiwasi. Miguu, sijui. Dawa ni miezi kumi na mbili. Kile kitarudi, kitarudi mu ile mwaka. Kile hakitarudi, Papa, usikingojee tena."

Upasuaji ulikuwa katika miji ya mbali, na hakuna mtu wetu aliyekuwa na fedha za kunifikisha huko. Kwa hiyo nilipewa mwaka mmoja, na nilichokitaka katika mwaka huo kilikuwa miguu yangu. Sikutaka kupona. Naomba mtu asinielewe vibaya, lakini ni kweli. Mdudu angeweza kubaki, mradi nitembee.

Siku hiyo hiyo, kwenye varanda ya hospitali, Mama Riziki alisikia kutoka kwa watu habari ya kiti. Alimkuta Papa Ombeni amekaa chini, kofia mkononi.

"Ni wewe njo ulifanya hivi!" akamwambia mbele ya wagonjwa wote. "Miezi munane unapandisha kiti, unapandisha kiti! Hauna macho? Hukuona muntu anakufa? Usikanyage tena kwangu!"

Papa Ombeni alinitazama kupitia mlangoni. Alikuwa anangoja niseme neno moja. Nililala pale na neno likiwa mdomoni, nikalimeza. Sikuwa na nguvu ya kugombana na mke ambaye kuanzia siku ile ndiye atakayeniosha. Hiyo ndiyo sababu niliyojipa. Papa Ombeni alivaa kofia akaondoka.

Nililetwa nyumbani juu ya mlango uliong'olewa. Mlango huo ndio uliokuwa kitanda changu, kwa kuwa daktari alitaka nilale pagumu. Mwezi wa kwanza wa dawa mkojo wangu ulikuwa mwekundu, nikapiga kelele nikidhani natoka damu, mpaka muuguzi wa kituo cha afya, Mama Vumilia, akaniambia ni rangi ya vidonge. Yeye ndiye aliyekuja kunitazama nikimeza. Hakuniamini nimeze peke yangu, na alikuwa na haki. Mwezi wa pili mkojo haukunisikiliza tena, rangi yoyote iwe. Mwezi huo huo nilipata kidonda cha kulala, chini ya kiuno, na Mama Riziki alikiosha kila asubuhi kabla ya kwenda sokoni kuuza ndagala, dagaa wa ziwa letu. Mgongoni kilitokea kinundu. Nilikigusa kwa kidole gumba, nikakizoea kama mtu anavyozoea jino bovu.

Mama mkwe alitoa agizo nipewe sahani yangu na kikombe changu. Mama Vumilia aliwaeleza kwamba ugonjwa wangu umejifungia mfupani na hauruki. Waliitikia kwa heshima, na sahani ikaendelea kukaa peke yake kwenye kona. Wageni walikuja, wakasimama mlangoni, wakasema Mungu ni mwema, wakaenda. Kule kwenda kwao ndiko kulikoniumiza. Nilikuwa nikitazama miguu yao tu. Sikuwahi kujua kwamba kila mtu ana namna yake ya kugeuka.

Mwezi wa tatu wa dawa, mvua zimekwisha anza, Riziki alikuwa ananipaka mafuta ya mawese kwenye nyayo. Ilikuwa kazi yake ya asubuhi, na hakuwahi kuikosa. Ghafla aliacha.

"Papa, fanya tena."

"Nifanye nini?"

"Kile ulifanya. Kidole."

Nikatazama. Kidole kikubwa cha mguu wa kushoto kilijikunja. Kidogo tu, lakini kilijikunja, na ni mimi niliyekiambia. Riziki alipiga yowe. Mama Riziki alitoka mbio jikoni na mwiko mkononi. Wote walipiga magoti kwenye miguu yangu, hata mama mkwe, ambaye hakuwa amevuka mlango ule kwa wiki saba. Kuanzia siku hiyo, kila asubuhi familia nzima ilikusanyika kutazama kidole. Nilikikunja, wakapiga makofi. Nilianza kuhesabu njia ambazo hatujazimaliza. Kama kidole kimeanza mwezi wa tatu, nilifikiri, mwezi wa tano kifundo, wa saba goti, na kiangazi kikirudi nitakuwa na fimbo na nitakuwa Lukuga.

Mwezi wa nne kilikuwa kidole. Mwezi wa tano kilikuwa kidole. Hakuna aliyesema tusikusanyike tena. Alianza mama mkwe kuchelewa, kisha Mama Riziki akawa anatazama akiwa amesimama, kikapu kichwani tayari. Mwishowe alibaki Riziki peke yake, na siku moja nilimwambia kidole kimechoka, apake mafuta tu. Alipaka akilia, mimi nikageuza uso ukutani. Nilikuwa nimeamini kuliko wote.

Katika mwezi huo wa tano, mvua kubwa ikinyesha, Papa Ombeni alikuja. Alisimama nje ya uzio, hakuingia, kwa kuwa alikatazwa. Nilimwona kupitia mlangoni. Alikuwa anasukuma kitu cha magurudumu matatu, kina kiti cha kuketi chenye mgongo, na pedeli zimepandishwa juu zizungushwe kwa mikono. Nilitambua rangi ya buluu, nikatambua na mkwaruzo ilioupata mtumbwini tulipotoka Zongwe. Alikuwa ameikata kinga yangu, iliyobaki kwake tangu siku ya kijito, akatengeneza ile baisikeli ya vilema.

Sijawahi kukasirika namna ile. Nilipiga kelele mpaka majirani wakatoka mvuani.

"Nani alikuambia uikate? Nani? Nimeshakufa? Miezi saba ingali inabaki! Toa hiyo kitu machoni!"

Alikifunika kwa turubai pembeni mwa uzio, akageuka. Mama Riziki akatoka na kuongeza yake: muuaji, mchawi, ameua mtu na sasa anamletea jeneza la magurudumu. Papa Ombeni aliinamisha kichwa akanyeshewa. Ndipo nikasema. Sijui kwa nini siku ile, labda kwa kuwa nilikuwa nimekwisha piga kelele na mdomo ulikuwa wazi.

"Mama Riziki, muache. Yeye aliniambia niende ku hospitali. Mwezi wa tano, mbele ya kuanguka, aliniambia. Mimi njo nilikataa."

Alisimama na maji yakimtiririka usoni. "Alikuambia?"

"Aliniambia."

"Na wewe unanyamaza. Miezi tano unaniacha nitukane muntu wa bure." Alisema polepole, na ningependelea apige kelele. "Ninakuosha kila asubuhi, Papa Riziki. Kila asubuhi. Na wewe unanyamaza."

Alitoka kwenye mvua ile ile kumfuata Papa Ombeni njiani. Sijui walisemezana nini. Alirudi amelowa, akanipikia, akaniosha, lakini hakuzungumza nami mpaka wiki ya pili. Papa Ombeni alianza kuja tena. Alikaa kwenye kigoda, akarekebisha redio ya mtu au pampu ya mtu, hatukuongea njia wala mlima. Nilijua kwa nini. Tangu siku ya kijito hakuwa amepanda hata kilima kimoja.

Mvua zikaisha. Upepo wa kiangazi ukaanza kupiga kutoka ziwani, na mimi nikawa nahesabu vidonge kwenda nyuma. Mwezi wa kumi wa dawa. Wa kumi na moja. Kidonda kilipona, na niseme kwamba hiyo ni neema, anayekijua kidonda kile anajua. Nilinenepa kidogo. Mkojo ulirudi kunisikiliza nusu. Niliweza kukaa nikiegemea ukuta. Kidole kiliendelea kujikunja, mjinga yule, kama mtu anayegonga mlango wa nyumba iliyohamwa.

Kidonge cha mwisho nilikimeza mbele ya Mama Vumilia, mwisho wa mwezi wa saba. Alinipa mkono, akaandika kwenye kadi yangu kwamba nimepona. Alikuwa na furaha ya kweli. Wagonjwa wengi wanamfia au wanaacha dawa katikati, nami nilikuwa mmoja wa waliomaliza. Daktari alinigonga magoti kwa kinyundo, akanichoma nyayo kwa sindano, nikaiangalia sindano ikiingia bila kuihisi.

"Dokta, miguu?"

"Papa, nilikuambia siku ya kwanza."

"Nataka uniambie tena."

"Haitarudi," akasema.

Jumapili iliyofuata Mama Riziki alitaka tukatoe shukrani kanisani. Kwetu aliyepona hutoka mbele akicheza, familia nyuma yake na matoleo kichwani, kwaya ikiimba. Alikuwa ameshaandaa unga na kikapu cha ndagala. Nilimwambia sitabebwa mbele ya watu wote nikasifie kupona. Akasema kuna wanawake sokoni waliovaa nguo nyeusi ambao wangetoa kila kitu wapate mume wa kukaa akiegemea ukuta. Alikuwa na haki. Alikwenda na Riziki, wakacheza wawili. Nilisikia ngoma kutoka nyumbani, na nilimwonea huruma mke wangu kwa kupewa muujiza mdogo namna ile.

Alhamisi yake nilimwambia Papa Ombeni atoe turubai.

Alipuliza magurudumu, akatia mafuta, akaninyanyua na kunikalisha. Mikono yangu ilikuwa imelegea, akawa anasukuma kwa nyuma. Tulipita kituoni, watu wa reli wakasimama, mmoja akavua kofia kama mbele ya maiti. Tulipanda barabara ya udongo polepole mpaka nyumba zikaisha. Ilikuwa mwezi wa nane, majani yameshachomwa, milima yote iko wazi na nyeusi, njia zake zinaonekana toka mbali bila kutafuta. Mahali hapo palikuwa na kijia ambacho hatujawahi kukifuata, kinaanzia kwenye kichuguu na kupanda moja kwa moja.

"Hii hatukuiona," nikasema.

"Ilikuwa inafunikwa."

Alinisukuma tukaingia. Kijia cha miguu ni chembamba, upana wake ni unyayo. Gurudumu la mbele lilipita, yale mawili ya nyuma yakapanda visiki, huku na huku. Tulikwenda hatua tano hivi, tukakwama.

"Nikubebe ku mugongo," akasema.

"Hapana. Enda wewe. Enda uone kama inafika juu, urudi uniambie."

"Mimi sina haja."

"Papa Ombeni, enda."

Alikataa mara tatu. Mara ya nne alikwenda. Niliitazama miguu yake mifupi ikipanda mpaka akapita nyuma ya mwamba.

Nitasema nilichofanya nilipobaki peke yangu, kwa sababu kuna mgonjwa mwenzangu atakayejikuta hivyo hivyo na kudhani ni yeye tu mwenye roho mbaya. Niliomba. Nilimwomba Mungu aifunge ile njia. Kwamba kuwe na korongo, au shamba lenye uzio, au moto bado unawaka, chochote, ili mtu aliyeikata kinga yangu na kunitengenezea miguu ya chuma asifike mahali ambapo mimi sitafika tena. Nilimwonea wivu mpaka machozi yakanitoka, na sikuyafuta.

Alikaa sana huko. Hatimaye nikasikia vijiwe vinaporomoka, akatokea, akishuka kwa haraka ambayo alijaribu kuipunguza aliponiona. Alikuwa anahema. Suruali yake ilikuwa imejaa masizi mpaka magotini, na uso wake ulikuwa uso wa mtu aliyeona ziwa lote kwa mara moja.

"Umefika?"

Akaangalia gurudumu. "Haipite, Papa Riziki. Kidogo tu pale nyuma ya jiwe, inafungwa. Majani."

"Majani?"

"Mingi kabisa."

Mlima mzima haukuwa na jani hata moja. Nilimtazama fundi yule mbishi, ambaye katika miaka yetu yote hakuwahi kukubali kwamba njia imemshinda, amesimama mbele yangu na masizi yake. Nilimchukia na nilimpenda, vyote pamoja, na sikujua kipi kilikuwa kikubwa.

"Bon," nikasema. "Kama inafungwa, turudi."

Akageuza magurudumu matatu kwa tabu kati ya visiki, akaanza kunisukuma kwenda nyumbani.